Tarumbeta ya Oloo

Ukitaka kusimuliwa habari za wifi yangu Lornah kwa upole, tafuta mtu mwingine. Mimi Peres kila nikizianza damu inanichemka, na anayeichemsha ni kaka yangu wa tumbo moja, Zedekiah, tarishi wa ofisi pale mjini, mwanamume wa kofia na tai ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe. Muulize mwenyewe, atakuambia.

Tulizaliwa watatu. Zedekiah ndiye mkubwa, mimi kitinda mimba, na katikati yetu alikuwa Oloo. Oloo alitunza bustani ya wazungu huko Lavington, na mkewe Lornah alikuwa yaya kwenye nyumba ileile. Mimi nilikuwa nafua na kupiga pasi Muthangari, si mbali kwa miguu, kwa hiyo Jumapili zangu nilizimalizia kwao. Lornah ni mtu wa maneno machache. Alilea watoto wa wenyewe mpaka wengine wakamwita mama, na wa kwake hakuna. Watu wakasema walichosema, naye akaendelea kukoroga uji wa watoto wa wenzake. Mimba ya kwanza kukaa ilikaa mwaka uleule Oloo alipokufa.

Oloo alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi moja iliyovuma mjini. Memsahib, yule mama wa kizungu mwenye nyumba, alikataza kelele uani, basi jioni akimaliza kumwagilia maua alikuwa anateremka kijitoni, nyuma ya mibuni, anawapigia vyura. Lornah alijua kama mumewe ana furaha au kisirani kwa kusikiliza tu kutoka mlangoni. "Leo kuna mtu amemuudhi," ananiambia huku anakunja nepi, na Oloo akirudi, kweli, kuna mtu amemuudhi.

Sasa, River Road kulikuwa na Chunilal, Mhindi muuza redio, na nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba cha kurekodi muziki, kuta zake zimefunikwa magunia. Chunilal akajiwa na wazo. Badala ya kurekodi bendi moja, achukue mbabe mmoja kutoka kila bendi inayovuma mjini, awaweke pamoja. Akamwita Mbithi wa gitaa, Were wa saksafoni, Nthiwa wa ngoma, na Oloo wetu. Akawapa jina la Wateule Jazz. Fikiria wanaume wanne, kila mmoja kazoea kuwa mfalme kwao, wamefungiwa chumba kimoja kutwa nzima! Oloo alituambia waligombana mpaka chai ikapoa, halafu wakapiga muziki ambao hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Alirudi nyumbani anacheka peke yake.

Muziki ukapelekwa Uingereza ukatengenezwe santuri ndefu, zile mpya za plastiki zinazozunguka polepole na kubeba nyimbo kadhaa upande mmoja. Kabla haijarudi, Oloo alinyeshewa, akakohoa, ikawa homa ya mapafu. Tulimzika nyumbani Alego. Lornah akarudi kazini na tumbo lake, tarumbeta akaitundika ukutani.

Santuri ikaja. Zilikuwa mbili tu za kujaribia, zimerekodiwa upande mmoja tu, na Chunilal aliona afadhali moja aichukue mjane. Alimpa kwa mikono miwili, akamwonya, "Mama, sikia mimi. Hii hapana weka kwa mashine ya kuzungusha na mkono. Ile sindano ya chuma nakula hii yote. Tafuta radiogramu."

Radiogramu, ile kabati ya redio yenye mashine ya santuri ya umeme, ilikuwepo sebuleni kwa memsahib, na memsahib alikubali tuje Jumapili. Sijawahi kumwona Lornah hivyo. Alinishika mkono akaniambia, "Wifi, mtoto atamsikia baba yake." Hicho tu ndicho alichotaka duniani. Hakuomba nyumba wala ng'ombe.

Basi Zedekiah akapata habari.

Kwetu Wajaluo mkubwa hutangulia. Mkubwa hupanda kwanza, hujenga kwanza, huonja mavuno kwanza, na mdogo akimruka, boma linaingiwa na chira, balaa la wavunja mila. Mila hiyo naijua na naiheshimu. Lakini niambie, ni babu yupi aliyewahi kuweka mila ya santuri? Jumapili ile Zedekiah alifika kwenye chumba cha Lornah na kofia yake, na chini ya kwapa kabeba gramafoni yake ya mkono, ile aliyoringia nayo miaka yote.

"Kitu cha ndugu yangu marehemu kinafunguliwa nyumbani kwa mzungu?" akasema. "Na mimi mkubwa wake niko hai?"

"Shemeji," Lornah akamwambia, taratibu kabisa, "Chunilal amesema sindano ya chuma itaila. Njoo nasi sebuleni, utangulie wewe kusikiliza."

"Chunilal ni wa ukoo gani?"

"Kaka," nikadakia, "si suala la ukoo, ni suala la mashine!"

"Peres, nyamaza. Unataka chira imwingie huyo mtoto tumboni?"

Alijua pa kupiga. Mwanamke aliyekaa miaka yote ile bila mtoto, ukimtajia chira na tumbo lake anafanya nini? Lornah aliitoa santuri kwenye jalada, akampa. Mpaka leo nikikumbuka natamani ningeing'oa mikononi mwake nikimbie nayo barabarani, wangesema nimepagawa, na waseme!

Zedekiah akazungusha mkono wa mashine, akateremsha sindano. Ala! Zikatoka kelele za panya. Panya waliofungiwa debeni! Saksafoni inalia kama kifaranga, gitaa la Mbithi linakimbia kama lina moto nyuma, maana mashine ile ya zamani ilizungusha mbio. "Zima!" nikapiga kelele. Lakini yule hakuzima. Mtu ambaye hajawahi kukosea atazimaje? Alisema springi imekazwa mno. Akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa sahani ili aipunguze mwendo, uso umekunjamana, jasho linamtoka, na sindano inalima. Nyuzi nyeusi za plastiki zikawa zinajikusanya pale kwenye ncha. Aliupiga upande ule mpaka mwisho.

Lornah hakulia. Alizipangusa zile nyuzi kwa kona ya khanga, akairudisha santuri kwenye jalada.

Nilimtukana kaka yangu. Ndiyo, mdogo wa mwisho, mwanamke, nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba amemzika Oloo mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake. Majirani wa vyumba vya watumishi walitoka nje kusikiliza, nami sikupunguza sauti. Alichukua gramafoni yake akaondoka.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda mpaka River Road. Chunilal alishika kichwa. Alinionyesha ile santuri nyingine, imepinda kwa joto la melini kama chapati, haikai popote. Na huko Uingereza kazi ilishasimamishwa, maana Waafrika wenye radiogramu ni wangapi wa kununua santuri ndefu? "Pole, mama," akasema. "Kweli, pole sana." Nilitembea mpaka Muthangari nikiwa nimekasirika hata na mawe.

Jumapili iliyofuata Lornah alitaka twende sebuleni vivyo hivyo. Na alikuwa amemwita Zedekiah! Nilimuuliza kama ana akili. "Mwache aje," akasema.

Tukasimama kwenye zulia la memsahib bila viatu, Zedekiah nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, kofia mkononi. Memsahib akaiweka santuri. Ikakwaruza na kutatarika kama mafuta ya karai. Wimbo wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili ukakoroma, ukakoroma, halafu ghafla ikatoka tarumbeta. Safi! Oloo mwenyewe, mwendo wake mwenyewe, sauti tatu zinapanda, na pale anapotaka kuvuka kwenda ya nne, sindano ikaruka nyuma. Sauti tatu zilezile. Tena. Tena.

"Hiyo naharibu sindano yangu," memsahib akasema, akanyoosha mkono. Lornah akaushika mkono wa memsahib. Yaya! Nilidhani kazi imekwisha siku hiyo. Memsahib alimtazama, kisha akaurudisha mkono wake taratibu.

"Ni yeye," Zedekiah akasema kule nyuma. "Lornah, isukumeni mbele kidogo. Tusikie anakokwenda."

"Mbele hakuna kitu, shemeji," Lornah akamjibu bila kugeuka. "Huko mbele ulishakusikia wewe."

Akasogea mpaka tumbo lake likagusa mbao ya ile radiogramu, pale sauti inapotokea, akakaa hapo. Oloo akapanda zile sauti tatu. Akarudi. Akapanda tena.