Kiko cha Bibi Hakina Kosa

Ni mimi! Naanza hivyo kwa sababu nikianza kwa kuzunguka nitaingiza utani, na utani ndio ulionifikisha hapa. Pamba ya baba niliiunguza mimi. Siyo bibi. Mimi na amplifaya yangu.

Jina sitoi. Nasoma sekondari hapa Bariadi, nyumbani ni Somanda. Shuleni wananijua kwa kuchekesha. Mwalimu wa fizikia aliwahi kuniuliza ukinzani ni nini, nikamjibu ni tabia ya baba ukimwomba kitu. Darasa zima hoi! Nilipigishwa magoti juani mpaka kipindi kikaisha, na huko juani bado nilikuwa nacheka.

Siku hizi sicheki. Kulia nako silii. Nipo tu.

Mambo yalianza hivi. Siku hizi kila kitu ruksa, vitu vya nje vimejaa hadi vinamwagika barabarani. Kaka yangu anayefanya biashara Mwanza akaniletea amplifaya ya mtumba, nzito kama ndama. Upande mmoja wa kutolea sauti ulikuwa umekufa, mmoja mzima. Spika nilipata mbili kubwa zilizong'olewa kwenye gari, nikazitengenezea maboksi ya mbao. Nikambebea fundi redio wa sokoni vyote avione.

"Hii imezoea spika za ohm nane," akasema. "Hizi zako ni nne nne. Ziunge kwa mfululizo, moja ifuate nyingine, mzigo uwe nane. Itapumua."

"Zitapiga kwa nguvu lakini?"

"Zitapiga kwa adabu."

"Aah fundi, adabu mimi napewa bure nyumbani!"

Alicheka sana. Mimi nikajiona mjanja. Nilipofika nyumbani nikaziunga sambamba, zote mbili zivute umeme kwa pamoja. Mzee! Besi ilipiga hadi vikombe vya mama vikatembea mezani.

Ikapiga kidogo, fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Nikachukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaivisha fyuzi kama koti. Haikukatika tena. Nikasema kumbe fundi ni mwoga tu!

Ikabaki kero moja. Transfoma ilikuwa inanguruma. Mmmmm, kama ng'ombe aliyevimbiwa. Wimbo ukiwa wa taratibu unasikia ng'ombe tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kwetu pamba ni dawa ya kila kitu. Sikio likiuma, pamba. Godoro likibonyea, pamba. Chupa ya mafuta ya taa imepoteza kizibo, pamba. Transfoma inanguruma je? Nikafungua kifuniko nikaishindilia pamba kila upande, nikaziba hata yale matundu ya hewa, nikafunga. Kimya! Nilijipongeza peke yangu kama mwendawazimu.

Pamba yenyewe sikuifuata mbali. Mwaka huu baba hakuipeleka ushirika. Alisikia kuna mnunuzi binafsi anakuja na bei ya kueleweka, akasema tusubiri. Msimu mzima wa jembe la nyumba nzima ukalundikwa chumba cha uani, kutoka sakafuni mpaka dirishani. Na mimi amplifaya nikaiweka humo humo, kwa sababu chumba chenye pamba hakina mwangwi. Muziki unatoka safi, kama unamiminwa sikioni.

Bibi, mama yake baba, aliupenda ule muziki kuliko mtu yeyote. Alikuwa anakuja kukaa kizingitini na kiko chake, anatikisa kichwa. Baba alimkataza kuvuta tumbaku pale. Bibi anaitikia, kesho amesahau, yupo palepale.

Mimi na bibi ni watani, mnajua mambo ya mjukuu na bibi. Yeye ananiita ngosha wangu, yaani mwanaume wake, mimi namwita mke wangu. Kila nikimkuta kizingitini nilikuwa napaza sauti ili mtaa usikie:

"Jamani njooni mumwone mke wangu! Na hicho kiko ipo siku atatuchoma wote tuwe mishikaki!"

"Nikikuchoma wewe, ngosha wangu, nitakula na nani?"

Watu wanacheka. Nikaona utani umeuzika, nikaurudia kila siku. Wageni wa baba wakija, naurudia. Mishikaki, mishikaki. Lo!

Jumamosi moja mchana napiga muziki, bibi yupo kizingitini, umeme ukakatika. Wenzangu wakaniita mpirani. Nikaondoka. Swichi sikuizima. Nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu, "Ukirudi utajipigia."

Umeme ukarudi.

Pamba haiungui kwa kelele. Inajila ndani kwa ndani, mpaka uone moshi imeshakwisha. Niliporudi nilikuta majirani na ndoo, baba amevua shati, mama ameketi chini. Paa la chumba limedondoka. Bibi amesimama katikati ya uwanja, anajipapasa kiunoni anatafuta kiko chake.

Jirani mmoja akakiokota kizingitini. Cheusi tii. Akakiinua juu watu wote wakione.

Mama akasema polepole, "Huyu mtoto alisema. Kila siku alisema."

Baba akanigeukia. "Si ulisema wewe?"

Jamani! Nilikuwa nimeshaiona amplifaya yangu kwenye majivu, nimeshaelewa. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, nilisema.

Hilo ndilo kosa langu. Moto ulikuwa ujinga. Kile kichwa nilichoitikia nacho ndicho dhambi.

Bibi aliniangalia, akasema, "Basi nimewachoma kweli." Hakubisha! Angebisha labda ningeongea.

Halafu watu wakaanza kunipa pole. Mimi! Pole kijana, amplifaya yako nayo imekwenda. Nikasema asante. Nilisikia sauti yangu inasema asante, kama inatoka kwenye spika ya mtu mwingine.

Baba hakumfokea mama yake. Alimwambia tu ni vizuri akapumzike Sapiwi kwa baba mdogo, kule nyumba haina vitu vingi. Bibi akamkabidhi kile kiko kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha alichoazima. Akapanda gari na kifurushi chake. Sikumtania alipoondoka, na watu wakasema mtoto amekua.

Likizo nilimfuata Sapiwi. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amekaa peke yake juani, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mke wangu."

"Mwadila, ngosha."

Baba mdogo alishanieleza kwamba bibi haingii jikoni. Anasema mkono wake una moto. Hata taa hashiki, anasubiri watoto wadogo waje wamwashie.

Nikakaa chini nikamweleza yote. Spika, fyuzi, karatasi ya sigara, pamba kwenye transfoma. Nikasema, "Bibi, siyo wewe. Ni mimi."

Akaniangalia, halafu akaanza kucheka! Baba mdogo alitoka ndani kuja kuona kuna nini, maana bibi tangu afike hapo hajawahi kucheka.

"Yaani umetoka Somanda mpaka huku kuja kunichekesha mimi! Eti umeweka pamba kwenye ledio ili isiungurume! Wewe ni mume kweli."

"Bibi, sitanii."

"Ndiyo hivyo hivyo, usicheke na wewe, inanoga." Akajifuta macho. "Ila baba yako usimpelekee utani huu. Atadhani unamcheka hasara yake."

Nilimpelekea. Hakuniacha nimalize. "Wewe hata msiba unautania?" Kofi moja, akatoka nje. Lile kofi sikulisikia, nawaambia ukweli.

Ndiyo maana naandika hapa. Nyie wenzangu mnaochezea maamplifaya, fyuzi ikikatika inakwambia kitu, msiivalishe koti! Matundu ya hewa ni pua. Na nyie wachekeshaji wa madarasani, chekesheni, lakini siyo kila saa kila mtu. Itakuja siku una jambo moja la kweli maishani, unalitoa mdomoni, watu wanashika mbavu.

Baba, hili gazeti unalisoma, na ukurasa huu ndio unaoanza nao. Jina sikuandika lakini umeshanijua. Amplifaya sikuitupa. Ipo nyuma ya banda la kuku, nimeifunika gunia. Chukua bisibisi ufungue kifuniko mwenyewe. Utakuta transfoma imezungukwa na pamba iliyoungua ikagandana kama lami. Pamba haikuingia humo kwa miguu yake, na bibi hajui hata kifuniko kinafunguliwa wapi.

Ukishaona, njoo unipige vizuri. Halafu nenda Sapiwi. Kiko chake unacho wewe.