Kisa Kilichowekwa Kwenye Mabano

Mdogo wangu ameolewa Koboko na Mwislamu, mmoja wa wale Wanubi ambao babu zao walifika huku Uganda wakiwa askari. Ni mtu mpole, ana duka la vitenge karibu na soko. Mdogo wangu alipojifungua mtoto wa pili nilitoka Arua kwenda kumsaidia, na mchana mmoja, mzazi na kichanga wakiwa wamelala, shemeji alinikuta nafua nepi.

"Mwalimu, leo iko mjadala ya dini pale uwanjani," akasema. "Twende usikie. Hapana vita, iko maneno tu."

Nilikwenda bila wasiwasi wowote. Nafundisha hesabu na elimu ya dini shule ya msingi, na Jumapili mimi ndiye niliyekuwa nasoma masomo kanisani kwetu. Nilidhani nayajua maneno yote watakayoyatupa.

Uwanjani vumbi lilikuwa linaingia hadi kwenye meno. Mhubiri wa Kiislamu, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alikuwa na Biblia mkononi. Alimpa mhubiri wetu wa Kikristo akamwomba asome kisa cha yule mwanamke aliyefumaniwa akizini, aliyeletwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe, washtaki wake wakaishia kutoka mmoja mmoja. Mhubiri wetu akasoma vizuri sana. Watu wakaitikia amina.

"Ahsante. Sasa soma yale maandishi madogo chini ya mstari."

Mhubiri wetu akatazama chini ya ukurasa. Kisha akasema hayo ni mambo ya wachapaji. Yule wa Kiislamu akaichukua Biblia akasoma mwenyewe: kwamba nakala nyingi za zamani hazina kisa hiki. Akauliza kwenye kipaza sauti, bila kupayuka, "Kama hakikuwemo, mutu gani alikiweka?"

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Alinitazama mara moja tu, kisha akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Tuliporudi nilitoa Biblia yangu kwenye mkoba. Ilijifungua yenyewe pale pale, kwa jinsi nilivyozoea kuusoma ukurasa ule. Mabano yalikuwapo, moja mwanzo wa kisa na moja mwisho. Maandishi madogo yalikuwapo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuteremsha macho chini ya mstari.

Ingekuwa kisa kingine ningekasirika siku mbili tatu, nikasahau. Lakini kile kilikuwa chetu nyumbani. Mama alinizaa kabla hajaolewa. Alipokuwa na mimba yangu, wazee wa kanisa la kijijini, upande wa Omugo, walimwita mbele ya watu wote ili wamtenge. Katekista akasimama akasoma kisa kile. Mama alikuwa akinisimulia tangu nikiwa mdogo: wazee wakainamisha vichwa, wakatoka mmoja mmoja, mkubwa wao akitangulia, hadi akabaki yeye na katekista. Shuleni watoto wakiniita mtoto wa vichakani, nilikuwa narudi nyumbani naomba nisimuliwe tena. Sasa naambiwa kisa hicho chenyewe huenda hakikuwapo.

Nilirudi Arua nikiwa situlii. Nilikuwa naandika hesabu ubaoni, katikati ya kugawanya nasimama, watoto wananitazama. Chakula nilikuwa naunguza. Jumapili, nikisimama kusoma, kila neno lilinijia na swali lake: na hili nani aliliweka? Mume wangu akasema, "Wewe umekwenda Koboko kulea mtoto, umerudi na nini?"

Nikamwendea mchungaji wetu. Alinisikiliza amesimama, funguo mkononi.

"Mwalimu, hayo maneno yana watu wake," akasema. "Ukiwapa waumini wa kawaida utawavuruga."

"Mimi ndiye muumini wa kawaida, Baba. Nimeshavurugika."

Akaniambia nipumzike kusoma kwa muda. Alisema kwa upole, lakini Jumapili iliyofuata mwingine alisimama mahali pangu, na watu wakaanza kuniuliza kama nina mimba au naumwa.

Nikasikia kwamba mmoja wa waliokuwa kwenye kamati ya kutafsiri Maandiko kwa lugha yetu ya Kilugbara bado yuko hai, anakaa katika moja ya zile nyumba za kikoloni za kule Arua Hill. Nilipanda kilimani baada ya masomo. Nilimkuta barazani, padri mstaafu, anakula karanga za kuchemsha. Nilipotaja kisa akacheka kidogo.

"Tulijua. Tulibishana sana juu ya hicho. Mwenzetu mmoja alitaka kiondolewe kabisa."

"Na wewe?"

"Mimi nilitaka kibaki."

"Kwa nini?"

Akamenya karanga. "Kwa sababu nilikipenda. Najua hiyo si sababu ya msomi."

"Nani alikiandika?"

"Sijui, binti yangu. Hakuna anayejua. Nimeishi na hilo muda mrefu. Kuna siku linanisumbua, kuna siku silikumbuki."

Nilitaka aniambie zaidi. Nilitaka anikemee hata. Akanisogezea bakuli la karanga. Niliteremka kilima nikiwa nimeshiba karanga na sina jibu.

Likizo ilipofika nikapanda boda hadi kwa mama. Njia nzima niliamua kumwambia, nikaamua kunyamaza, nikaamua tena. Mama hajui kusoma. Kisa kile anacho kwa masikio tu. Nilimkuta anapepeta simsim uani. Tukaongea Kilugbara, kama kawaida yetu. Hapa nayaleta kwa Kiswahili. Nikamweleza yote: uwanja wa Koboko, mabano, padri wa kilimani. Hakuniangalia. Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Kwa hiyo mtu alikiongeza," akasema mwishowe.

"Huenda. Au kilikuwa kinasimuliwa tu, baadaye mtu akakiandika. Hawajui."

Akaweka ungo chini.

"Wale wazee hawakutoka."

Sikuelewa anaongea juu ya wazee gani.

"Wazee wa kanisa. Katekista alisoma, ni kweli alisoma. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru. Kisha wakanitenga. Nilikaa nje ya mlango Jumapili baada ya Jumapili, mpaka ukaanza kutembea. Nilikuwa nasikia nyimbo kutoka nje."

"Mama, umenisimulia maisha yangu yote kwamba walitoka mmoja mmoja."

"Ulikuwa unarudi kutoka shule unalia. Ningekupa nini? Wazee wamekaa kwenye viti vyao?" Sauti yake ilipanda. "Walipaswa kutoka. Nikawatoa."

Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba. Nililia kwa hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya nani: ya wazee, ambao wengi wamekufa, au ya mama, au ya mtu yule wa zamani asiyejulikana aliyekiandika kisa. Nilimwona mama akiwa msichana, amekaa nje ya mlango na mimi mgongoni. Picha hiyo sikuwa nayo kabla. Niliporudi alikuwa amekwisha kuanza kupika ugali wa muhogo, akaniagiza maji. Tukala. Hakuomba msamaha, wala mimi sikumdai.

Nilirudi kwa mchungaji. Sikumweleza habari za mama. Nilimwambia tu kwamba siwezi tena kusoma huku nimefunika nusu ya ukurasa kwa mkono, na kama hataki nisome madhabahuni, basi anipe chumba tusome kando, mtu atakaye aje. Akasema, "Jumatano, baada ya saa kumi. Na mimi nitakuwepo." Nadhani alitaka kunichunga. Sasa ndiye anayeuliza kuliko wote.

Shemeji aliposikia alinipigia simu. "Sasa utakuja kwetu msikitini?" Nikamwambia nikija nitawauliza na ninyi maswali haya haya. Akacheka, akasema basi nikae kwanza huko huko.

Tulianza tukiwa wengi. Mama mmoja muuza samaki aliondoka akisema tunamchezea shetani, na bado hanisalimii sokoni. Waliobaki ni wachache. Wiki iliyopita tulimaliza ile Injili iliyo fupi kuliko zote. Huko mwisho nako kuna mabano: nakala za zamani zinaishia pale wanawake wanapolikimbia kaburi la Yesu kwa hofu, wasimwambie mtu neno. Tulikaa tunautazama ukurasa. Fundi cherehani mmoja akauliza, "Kama hawakumwambia mtu, sisi tumesikia kwa nani?"

Mchungaji akarudi mwanzo wa ukurasa, akaanza kusoma tena. Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye mabati, na hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani kuanua nguo.