Mungu Si Mke Mwenza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai naiweka chini. Ni siku niliyompa mtoto wangu wa pili jina la Jalala.

Kaa hapo kitandani, usiniondokee. Mtoto amelala, na malori yanapiga honi tangu asubuhi, hakuna atakayetusikia. Nimetoka Hasamba kuja huku Tunduma kukutunza kwenye uzazi, bibi yako na mgongo wangu huu mbovu, na sasa ni wiki ya pili nakuangalia. Unamnyonyesha mtoto umegeukia ukutani. Akishiba unampa jirani, au unaniletea mimi kama mzigo wa mtu. Jina hujampa. Jana ndipo uliponiambia sababu: kwamba mwaka jana, kwenye msiba wa binti yako, mama mmoja wa kanisani alikushika bega akasema ulimpenda mtoto kupita kiasi, Mungu akaona wivu, akamchukua. Nilitoka nje kuficha machozi. Maneno hayo hayo mimi niliambiwa kabla mama yako hajazaliwa.

Mzaliwa wangu wa kwanza aliitwa Rehema. Surua ilimchukua akiwa na miaka miwili, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Nilimpenda mtoto yule, nisikudanganye. Nilimbeba mgongoni hata nikienda chooni, watu wakanicheka. Tulipomzika, mwenzangu mmoja wa kwaya akanivuta kando, akanikumbusha amri tulizokariri tukiwa darasa la ubatizo, kwamba Mungu wetu ni mwenye wivu. "Ulimfanya Rehema mungu wako," akaniambia. Hakuwa na roho mbaya. Alitaka kunipa sababu, nami siku ile ningepokea sababu yoyote.

Nilipojifungua tena, mtoto wa kiume, nikafanya jambo ambalo mpaka leo naona aibu kulisimulia. Wazee wetu walikuwa na desturi: mtoto akizaliwa baada ya msiba, analazwa kidogo kwenye jalala nyuma ya nyumba, jirani anamwokota, kisha anapewa jina baya ili kifo kidhani hana mwenyewe. Kanisa lilikuwa limeshatukataza. Mimi nikaifanya, tena si kwa kukikwepa kifo. Nilikuwa namficha mwanangu Mungu asimwone. Niliwaza kwamba akiona simjali, ataniachia.

Kanisani alibatizwa Yohana, lakini nyumbani nikamwita Jalala. Sikumwimbia. Alipoanza kutembea nilitazama pembeni. Akiniletea ua la kahawa nilimwambia aliweke chini. Nilikuwa naumia, usifikiri sikuumia.

Alipofika miaka saba, tulikuwa shambani tunachuma kahawa, akajikwaa kwenye kisiki, goti likapasuka. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka alipoangukia. Akainuka, akanipita mbio damu ikimtiririka, akaenda kulilia kwenye kanga ya jirani tuliyekuwa tukichuma naye. Hakunitazama hata mara moja. Mama mkwe wangu, mama wa babu yako, aliyaona yote. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa maneno. Akatua kikapu chake.

"Mama Rehema, mtoto huyu amekukosea nini?"

Nikamweleza yote kuhusu wivu wa Mungu. Nilidhani atanionea huruma. Akakasirika.

"Nani kakwambia Mungu ni mke mwenza, anune kwa sababu umepakata mtoto?"

Kisha akaketi palepale kwenye majani, akanisimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mumewe alipokwenda Zambia kwenye migodi ya shaba, alipata mwanamke huko, akaacha kuandika barua. "Nilishikwa na wivu mpaka nikakonda," akasema. "Na nilikuwa nataka nini? Nilitaka arudi. Nilijua yule atamla, akimmaliza atamtupa, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini hata siku moja sikutaka watoto wa mume wangu wafe ili arudi. Ningetaka hivyo, ungeniita mchawi. Sasa wewe Mungu unamwona mchawi, na Jumapili unasimama kumwimbia."

Jioni ile nikamwita mwanangu kwa jina lake, Yohana, naye hakugeuka, alidhani namwita mtu mwingine. Mama yako alizaliwa baadaye, akanikuta nimekuwa mama mwingine kabisa, ndiyo maana hukuwahi kuyasikia haya. Yohana nilimpikia, nilimkumbatia, naye alisimama wima akisubiri nimalize. Alipokuwa kijana akawa utingo wa malori, akavuka mpaka hapo Nakonde, akahamia ng'ambo. Mjomba wako huyo unamjua kwa simu ya Krismasi tu. Mungu hakuninyang'anya mtoto wa pili, nilimpoteza mwenyewe. Ananiamkia kwa heshima, anauliza kama mvua zimenyesha, anakata. Mwaka juzi nilimwomba msamaha. Akasema, "Hamna shida, mama," kwa sauti ile ya mtu anayemjibu askari wa mpakani.

Basi sikia, mwanangu. Wivu wa Mungu upo, tena ni wa kuogopwa. Ni wivu wa mwenye ndoa anayemwona mwenzi wake akivutwa na kitu kitakachommaliza, iwe pesa, iwe pombe, iwe mganga, hata hofu kama hii iliyokukaa. Anakutaka urudi. Hashindani na mtoto unayemnyonyesha, maana ni yeye aliyekupa. Kwa nini Rehema alikufa, sijui. Nimezeeka bila kujua, na binti yako naye sijui. Anayekuambia anajua, mwamkie upite zako.

Sasa akiamka, mgeuze huyo mtoto akutazame usoni, umpe jina ambalo umekuwa ukilimeza siku zote hizi. Ukiogopa, mpende na hofu yako hiyohiyo. Mungu aliyeliumba tumbo lako akupe usingizi, akupe moyo wa kumpenda huyu hata pale kesho inapokutisha, na akujalie uzeeke ukiwa na mtoto anayekuja nyumbani bila kuitwa.