Jina Tulilolitoa Kwenye Zege

Nimeishi Musoma, Kigoma, Mbeya na Tanga, na kila nilipohamia nilijiambia kwamba huko nitatulia. Sikutulia. Nikifumba macho bado nauona ufukwe wa Pasiansi, kwetu kando ya ziwa, na ule mnara niliouchora nikiwa kijana niliyetoka tu kumaliza kidato cha nne.

Ulikuwa mnara wa vijana wa kata yetu waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Mimi sikwenda. Tulikuwa tumejiandikisha mgambo pamoja, rafiki yangu na mimi, lakini ofisi ya ujenzi iliomba aachwe kijana mmoja anayejua kuchora ramani. Wakaniacha mimi. Yeye akapanda lori. Vita vilipokwisha, familia nyingine ziliwapokea watoto wao, nyingine zikaletewa taarifa za msiba. Mama yake aliambiwa tu kwamba mwanawe hajulikani alipo.

Saruji wakati huo ilipatikana kwa kibali, tena kidogo. Kwa hiyo mhandisi wetu alitaka mwili wa mnara uwe wa mawe, na saruji iwekwe akiba kwa ajili ya mabamba manne ya majina. Kazi yangu, mbali na kuchora, ilikuwa kuhakikisha kila kitu kinafika kwa zamu yake. Mabalozi wa nyumba kumi walileta watu wa kupasua mawe: wanawasha moto juu ya jabali, likishapata joto sana wanalimwagia maji ya ziwa, linapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Akina mama walisomba mchanga na kuuosha.

Pesa ya kununua herufi za chuma haikuwepo. Fundi seremala akasema tukate herufi kutoka kwenye soli za malapa yaliyochakaa, tuzipigilie kinyumenyume ndani ya kasha la mbao, tumwage zege juu yake. Likikauka, kasha linafunguliwa, mpira unabanduliwa, na jina linabaki limezama kwenye bamba. Watu wakaleta malapa kwa mafungu.

"Fundi, hilo la mume wangu lioshe kwanza," mama mmoja alipiga kelele. "Mnara utanuka miguu!"

"Kama ni la mumeo, dada, hata zege litakataa kushika," fundi akamjibu. Tulicheka sana siku zile. Hata hilo la kucheka limekuwa likinisumbua.

Asubuhi ya kumwaga bamba linalotazama ziwa, mama wa rafiki yangu alikuja. Alikuwa mama wa Kihaya, mjane, na nyumbani kwake nilikuwa nimekula ndizi nyingi kuliko nyumbani kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe wa kwangu yuko wapi hapa."

Herufi zilikuwa kinyume, asingeweza kuzisoma. Nikamwonyesha, mstari wa mwisho. Akaliangalia jina kwa muda mrefu.

"Nani kakwambia amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi mtoe."

Mhandisi alisikia, akasogea. Alimweleza kwa upole, bila kumficha kitu. "Mama, tukimtoa leo ndiyo basi. Zege likishakauka huwezi kuongeza herufi ikakaa kama hizi. Na hapa patabaki pengo kama mdomo wa kibogoyo."

"Pengo lisikusumbue, baba. Akirudi atalicheka mwenyewe."

Mhandisi akanigeukia. Nyuma yetu makoleo yalikuwa yameshaanza kuchanganya zege. "Wewe ndiye mwenye mchoro na wewe ndiye unayewajua. Amua."

Nikachukua koleo la misumari, nikaling'oa jina lake, herufi moja baada ya nyingine. Mama alinishika bega akasema nimemsaidia. Lakini mimi, nilipokuwa naling'oa, nilisikia furaha. Lile jina likikaa pale, maana yake yeye amekufa na mimi nimebaki kwa sababu ya penseli. Likitoka, hakuna aliyekufa kwa niaba yangu.

Siku ya uzinduzi mama yake alinipikia. Nilikula, nikashindwa kumwangalia. Mwaka huohuo niliomba uhamisho.

Rafiki yangu hakurudi. Niliporudi mimi, miaka mingi baadaye, kwa matembezi tu, mama alisikia nipo mjini akaniita. Alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Sasa mwandike," alisema.

"Kuna habari, mama?"

"Habari gani? Nimechoka kusikiliza mlango."

Niliazima tindo na nyundo, nikampeleka ufukweni. Nilichonga asubuhi nzima. Zege la zamani halina huruma: unapiga hapa, linameguka pale. Majina ya wengine yalikuwa laini kama yaliyochapwa, la rafiki yangu likawa kama limetafunwa na panya. Mama alisogea, akapitisha vidole juu ya majina ya wengine, kisha juu ya la mwanawe.

"Mbona wenzake wamekaa vizuri?"

"Zege limeshakuwa gumu, mama."

"Ndiyo, mliniambia siku ile." Akarudisha kidole juu ya lile jina. "Mimi nilitaka asiwe amekufa. Na wewe je, ulitaka nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilitaka kumtii. Angeniamini.

"Nilitaka hivyohivyo, mama. Lakini si kwa ajili yako. Kwa ajili yangu."

Alikaa kwenye ngazi ya mnara, akajifunika kichwa kwa upande wa kanga.

"Umebakiza herufi moja," alisema. "Malizia, jua linaniumiza."