Tuta la Kupunguza Kelele

Serikali yetu ilitupenda sana miaka ile ya soko huria. Malori ya mabati, saruji na makreti ya soda yalipoanza kupita mtaani kwetu Njoro mchana kutwa, ikamtuma afisa atangaze kwamba kelele ni marufuku. Alikuja na gari lenye vipaza sauti viwili juu, akazunguka mtaa mzima tangu asubuhi hadi adhuhuri akitunyamazisha. Mbwa wote walimwitikia.

Kwetu haukuwa mzaha. Baba alikuwa amepooza upande mmoja, tukamteremsha kutoka nyumbani kwake Kilema, mlimani, ili awe karibu na hospitali. Sauti ilimwisha, ikabaki ya kunong'ona tu. Kila akifungua mdomo, lori linapita. Mama aliinama mpaka sikio likamgusa midomo, asiambulie kitu. Baba akafumba macho kwa hasira, machozi yakimtoka. Iliniuma, jamani.

Tukalalamika. Afisa akarudi, safari hii na dawa: tuta, mbele ya dirisha letu hasa, ili magari yapunguze mwendo na kelele ipungue. Mungu wangu! Lori likifika linafunga breki, linapanda likiguna, makreti yanarukaruka, kisha dereva anakanyaga mafuta kufidia muda aliopoteza. Zamani walau malori yalipita yakaenda zake. Tulipomuuliza afisa, alisema wataalamu wameridhika. Hongera zao, nadhani waliishi mbali.

Mama hakubishana naye. Alikwenda uani akachuma jani la isale, akalipiga fundo kama tufanyavyo Wachaga tunapoomba msamaha, akasimama kando ya tuta. Lori lilipokuja, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Nikasema moyoni, mama naye! Watu wanatafuta hela, nani atajali majani? Lakini dereva alikuwa wa kwetu mlimani, na isale halikataliwi hata na mtu uliyemuulia ndugu. Alizima injini katikati ya barabara.

"Shikamoo mama. Kuna kosa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hukukosa kitu. Mume wangu ana neno, simsikii. Ninyamazie kidogo tu."

Dereva akashuka, akawaonyesha wa nyuma lile jani. Nao wakazima. Hakuna aliyepiga honi, na hakuna afisa aliyehusika, nisije nikamnyima mtu sifa zake.

Tukakimbilia ndani. Siku zote tuliamini baba analalamikia kelele. Tulikuwa tumeziba dirisha lake kwa godoro, tukajiona watoto wema kweli kweli. Sasa mama akainama, nami nikasikia nikiwa mlangoni.

"Nirudisheni nyumbani," alisema baba. "Nikafie mgombani kwangu."

"Sasa mbona hukusema, baba watoto?" mama akaropoka.

Baba alikuwa akisema hivyo kila siku.