Springi za Gari la Désiré

Mume wangu Feruzi alikuwa fundi wa magari, na alikuwa mtu wa ndoto. Akiingia chini ya gari huwezi kujua kama anakaza skrubu au amelala. Nikimwita aje kula, ananijibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Gari inapumua, mama Zaina," huniambia. "Ressort, hii springi, njo kifua. Amortisseur, shokapu, inaikataza kupumua ovyo." Zaina ni kifungua mimba wetu. Nami namsikiliza huku wali unapoa, nimekasirika, nampenda.

Alikuwa na desturi yake. Gari likiisha kutengenezwa, huegemea nyuma yake kwa mikono miwili, akalisukuma chini, akaachia. Likiruka mara moja na kutulia, springi na shokapu ni nzima. Likichezacheza, anarudi chini. Halafu huliendesha mpaka msituni, barabara ya Bafwasende, macho nusu yamefumba, alisikilize.

Waasi walipouchukua mji, mwaka wa sitini na nne, wakawa wateja wake. Mmoja wao, Lukumani, zamani dereva wa lori, alileta gari la jipu. Feruzi, ambaye hajui kufunga mdomo penye kazi yake, akamfundisha kuegemea na kuachia. "Mukono itakuambia kama iko na muzigo," akamwambia. Nilimkanyaga mguu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Haukupita muda Lukumani akawekwa kwenye kizuizi cha barabara ile ile ya Bafwasende, akawa anaegemea magari ya watu. Gari lililokaa chini nyuma, au lililo zito mkononi, lilifunguliwa.

Na sisi tulikuwa na mtu wa kupitisha. Jirani yetu Désiré, karani wa serikali, alikuwa amejificha stoo kwetu nyuma ya magunia ya mchele. Makarani walikuwa wanatafutwa na kuuawa. Mkewe na watoto walikwisha fika Bafwasende. Peugeot yao, iliyowapeleka misa kila Jumapili, ilikuwa uani kwetu, makalio chini, springi zimechoka, shokapu zinavuja mafuta. Ndiyo maana hakuna askari aliyeitaka.

"Nitamupitisha ndani ya buti ya Peugeot," Feruzi akasema.

"Bariera iko ya Lukumani. Umesahau nani alimufundisha?"

Akaingia chini ya Peugeot. Alikuwa ameshaanza kuota.

Aliliinua gari kwa jeki, akaweka magogo, akafungua shokapu, akashusha ekseli mpaka springi kuukuu zikadondoka zenyewe kama meno ya mzee. Mahali pake akatia springi ndefu za gari la mizigo lililokufa, pamoja na shokapu zake ngumu. Akamlaza Désiré butini, akapima kimo kwa goti lake, akamtoa, akakata pete moja ya springi kwa msumeno, akamlaza tena. Aliendelea hivyo mpaka gari, na mtu ndani, likakaa kama gari tupu.

Tulitoka baada ya mvua ya asubuhi. Mimi nilikaa mbele, ati nafuata makemba, ndizi za kupika. Kizuizini Lukumani akaegemea. Gari likashuka kidogo, likaruka mara moja, likatulia. Moyo wangu haukutulia.

"Iko vide, hakuna muzigo," akasema. "Papa fundi, pita."

Msitu ulikuwa unafuka mvuke. Vipepeo weupe walitulia juu ya matope, wakapaa, wakatua tena nyuma yetu. Tulipita juu ya mashimo bila kuyasikia. Feruzi aliendesha macho nusu yamefumba, akiguna kidogo kwa raha, na kwa kitambo nikasahau kabisa kwamba kuna mtu nyuma, kwamba kuna vita, kwamba tutarudi.

Mbali na kizuizi tulisimama, tukafungua buti; Désiré alitukumbatia akilia, akashika njia ya miguu kuelekea Bafwasende. Gari, bila uzito wake, lilikuwa limeinuka nyuma, juu, kama mbuzi anayekunywa maji. Feruzi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Gari limekwenda limelala sawa, litarudi limebinua makalio?

"Tutie makemba," nikasema. Tukanunua mikungu kwa mama mmoja wa kando ya barabara, tukaipakia mpaka kimo kikarudi gotini.

Kizuizi kilikuwa kimeshatuona ndipo Feruzi aliponong'ona: "Mama Zaina. Asubui kwake ilikuwa vide, ikakaa sawa. Sasa iko na muzigo, inakaa sawa. Lukumani atajua hata asubui ilikuwa na muzigo."

Lukumani alifungua buti, akaona mikungu, akafunga. Akaegemea. Akaachia. Mkono ukabaki pale pale. Akayatazama matairi, akamtazama Feruzi. Nilianza Fatiha kimoyomoyo, nikapotea katikati, nikaanza tena.

"Kuna nini?" askari mwenzake akauliza.

"Makemba tu," Lukumani akasema. Akachukua mkungu mmoja, akainama dirishani, akashusha sauti. "Papa fundi, gari hii usiilete tena kwangu."

Uani kwetu Feruzi alizima gari. Niligeuka nimlilie mume wangu, nikamkuta anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Mukono yake imejua," akasema. "Umeona? Imejua palepale. Nilimufundisha muzuri."

Nilimpiga begani kwa nguvu zote, mwehu yule, kisha nikamshika na sikumwachia. Tulikaa ndani ya gari lile mpaka Zaina akaja kutuuliza kwa nini hatushuki.