Gemu Rahisi Nililomchagulia Baba Mkwe

Siku hizi nikimwona mtu anayejua habari hii navuka barabara, na kwa kuwa mtaa wetu wote wa Kikula unaijua, navuka barabara sana. Ni afadhali niisimulie mwenyewe, maana sokoni inazunguka hadithi kwamba nilikamatwa chumbani kwa mama mkwe nikiwa na wigi lake mkononi, na hilo si kweli hata kidogo. Chumba kilikuwa cha kwenye kompyuta, na wigi nalo lilikuwa la kwenye kompyuta. Aibu peke yake ndiyo ilikuwa yangu halisi.

Mimi nina kibanda karibu na soko, natengeneza simu, nabadilisha vioo, na nawawekea watu nyimbo na magemu, na tangu nianze kazi hiyo hakuna mteja aliyewahi kunisikia nikisema sijui. Mtu akiniuliza gemu gani linamfaa, nilikuwa naangalia picha ya mbele, nakunja uso kidogo kama daktari, kisha nasema, "Hili? Nilimaliza zamani." (Ukweli ni kwamba maishani mwangu nilikuwa nimemaliza gemu moja tu, tena la mpira, ambalo huisha lenyewe dakika zikiisha, na nilifungwa.)

Sasa, kulikuwa na Odette. Kulikuwa na tarehe ya pré-dot pia, yaani siku ambayo wazee wangu wangekwenda kwao na vitu vidogo vya kufungua mlango, kabla ya mahari yenyewe. Baba yake, Papa Kasongo, ni fundi mstaafu wa kiwandani, mtu wa kukaza kila skrubu mpaka ilie, na wakati huo alikuwa amepasuliwa goti, daktari kamwambia akae kwenye kiti wiki nyingi bila kuzunguka. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama Odette, alivumilia siku nne, ya tano akamtuma binti yake kwangu na maneno haya: "Mumutafutie baba yenu kintu ya kufanya. Tangu mugulu inamufunga mu nyumba, eko anahesabu mpaka matomati ya mu nyungu!"

Nani angekataa nafasi kama hiyo? Kompyuta ilikuwepo, kijana wao mkubwa alikuwa ameituma, na mimi nilijua kabisa mzee wa namna ile anahitaji gemu la aina gani. Si la kupiga risasi, si la kukimbizana, bali yale ya kutembea taratibu na kubofya: unabofya mlango, unafunguka, unabofya kikapu, unakuta kamba, unaitia mfukoni, mbele unakutana na kisima kinachohitaji kamba. Kwa mtu anayeanza unamtafutia lenye vyumba vichache, lisilomuua mchezaji, lisilo na saa ya kumharakisha, lenye Kifaransa cha kueleweka. Haya yote niliyajua vizuri sana (niliyasoma mahali). Kilichobaki kilikuwa kukaa chini na kujaribu magemu mawili matatu mpaka mwisho, na hapo ndipo uvivu uliponishika. Nikachagua lenye picha ya nyumba ya njano na kuku watatu uani. Nani atashindwa na kuku watatu? Nikalifungua kuona kama linawaka, maandishi ya mwanzo yakaja mengi, nikayaruka, ruka, ruka, nikaona ua, nikaona kuku, nikafunga.

"Weye mwenyewe uliicheza mpaka mwisho?" Odette aliniuliza nilipompa.

"Mara mbili," nikasema.

Kwa nini mara mbili? Hakuna aliyeniomba ya pili.

Siku za kwanza habari zilikuwa tamu: mzee ametulia, mzee hasikiki jikoni, mzee amenunua kaye, yaani daftari, ya kuandikia kila anachojaribu, kama alivyokuwa akiandika kiwandani. Kisha zikaanza kubadilika. Mzee amekwama, mzee anakula bukari, ugali wetu wa huku, huku anatazama kompyuta, mzee Jumapili hakupelekwa misa kwa sababu alisema bado anafikiri. Nami nikamjibu Odette kwa simu kwamba ni kawaida, gemu zuri lazima likaze kidogo. Nilitakiwa siku ile nilifungue nione amekwama wapi. Badala yake nilikwenda kushonesha suruali ya pré-dot.

Siku ikafika. Nikaenda na mjomba wangu, Tonton Albert, ndiye msemaji wetu, kavaa koti lake la harusi zote. Tulikuwa na kuku wawili hai na kreti la soda, au kama tunavyosema huku, kasie ya sucré. Sala ikasaliwa, salamu zikaisha, dada yake Papa Kasongo, Tantine Béa, akakaa mbele kabisa kwa sababu shangazi ndiye mwenye macho siku kama hiyo. Mama Odette alikaa kando, karibu na mlango wa jikoni, na mimi nilikaa nikitazama sakafu, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo, hawazungumzi ana kwa ana ovyo, na chumba chake cha kulala ndiyo usiseme, nyumba hata iungue mkwe atasimama nje aite mtu mwingine. Haya nayajua toka utotoni. Nataka muelewe kwamba nayajua.

Tonton Albert alikuwa anakohoa ili aanze, Papa Kasongo akainua mkono.

"Mbele ya kuanza mambo ya bantu," akasema, akinionyesha mimi, buko wake, yaani mkwe, "buko anionyeshe ile jeu. Siku munane niko pa moja tu. Iko nguvu sana. Yeye aliimaliza mara mbili, atanionyesha."

Kompyuta ilikuwa imeshaunganishwa na televisheni kubwa ya sebuleni. Na umeme ulikuwepo! (Siku ukiuhitaji, haupo. Siku ile ukawaka kama tumeulipia sadaka.)

Ningeweza kusema ukweli pale pale, kukiwa bado mapema. Lakini watu wote wananitazama, suruali mpya, Odette amesimama na sinia, anatabasamu kwa fahari, fahari juu yangu mimi. Nikakamata kipanya, nikajikalisha vizuri, nikaanza kufundisha. "Papa, siri ya magemu haya ni moja: usiogope. Fungua kila kitu, gusa kila kitu, chukua kila kitu, tia mfukoni." Kwenye televisheni kijana wa kwenye gemu alikuwa amesimama ukumbini, mbele ya mlango wa buluu. Nikabofya mlango, akaingia.

Tantine Béa akashika kifua. "Yesu! Eko anaingia!"

Mimi nikadhani amefurahi, nikaongeza kasi. Nikabofya kitanda, kijana akainua godoro. Nikabofya kabati, akatoa kanga moja, akaitia mfukoni. Nikafungua droo, mkatoka wigi, nalo mfukoni. Nikainua mto, nikachungulia chini ya kitanda, nikafungua sanduku, huku nasema, "Munaona? Hapa bure, hapa bure, hapa tena."

"Buko," Papa Kasongo akasema polepole. "Ile ni chumba ya nani?"

"Ni chumba tu, Papa."

"Apana. Ni ya mama buko wake. Ule kijana, muke wake anamutuma kwa mama yake kutafuta ufunguo ya sanduku ya kisima. Bameiandika pa mwanzo. Haukusoma?"

Akanifungulia kaye. Kurasa baada ya kurasa, kwa mwandiko wa fundi: amefagia ua, amelisha kuku, amechota maji, amemuuliza jirani, amerudi kufagia ua. Na chini ya kila ukurasa: *mulango ya buluu, ni chumba ya mama buko, hatuingie.* Siku nane mzee wa watu alikuwa amesimama mbele ya mlango ule kwa heshima. Nami nimeingia na suruali mpya na kuiba wigi, mama mkwe wangu mwenyewe akitazama hatua tatu kutoka pale. Nilitamani umeme ukatike, nasema kweli, niliuomba.

Aliyesema kwanza ni mama mkwe mwenyewe. "Na ule mama mwenye kuikala kule inje na kuku," Mama Odette akasema, "njo mama buko mwenyewe?"

"Njo ule," yaani ndiye huyo, mumewe akajibu.

"Mulimuuliza?"

Papa Kasongo akashtuka. "Kumuuliza namna gani? Kijana atamusemesha mama buko wake vile tu?"

"Minye siko buko wake. Leta ile kintu." Akachukua kipanya, ambacho sidhani alikuwa amekishika kabla, akamtoa kijana chumbani, akamtembeza hadi uani, akambofya yule bibi kizee mwenye kuku watatu. Bibi akajibu kwa maandishi: ufunguo ninao hapa kiunoni, mwanangu, nilikuwa nangoja uniombe. Gemu likaisha kabla bukari haijaiva. Tantine Béa akapiga makofi, hata Tonton Albert akacheka, na mimi, mjinga, nikacheka nao nikidhani nimeponea hapo.

Papa Kasongo hakucheka. "Kukosa mulango, muntu anaweza kukosa," akasema. "Lakini ulituambia uliimaliza mara mbili."

"Ndiyo, Papa. Yaani..."

"Mara ngapi?"

"Hata moja, Papa."

Akafunga kaye yake taratibu. "Na ile masomo ya informatique yenye ulituambia ulimaliza?"

Tonton Albert akatazama dari. Nami niliona wazi kwamba swali lile likijibiwa vibaya nampoteza Odette, na likijibiwa vizuri nampoteza pia, baadaye, kwa ubaya zaidi. "Hayo ya kompyuta niliyaachia mwaka wa pili," nikasema. Odette mwenyewe alikuwa hajui. Aliweka sinia mezani bila sauti, akatoka, na uchungu wa kuuona mgongo wake ukitoka mlangoni sijaupatia jina mpaka leo.

"Mutarudia na bintu yenu," Mama Odette akamwambia mjomba, kwa upole kabisa. "Hatukatale mutoto wenu. Lakini leo, apana."

Basi tukarudi, saa nane mchana, kupita katikati ya soko, mimi kreti kichwani na kuku mkononi, soda zote zikiwa zimejaa, na kila mtu anajua maana ya soda zinazorudi zimejaa. "Balikatala?" mama mmoja akauliza kwa sauti. Tonton Albert alikuwa hatua kumi mbele, anatembea kama mtu asiyenijua.

Wiki tatu Odette hakunijibu. Mimi nikakaa kibandani nikacheza lile gemu la nyumba ya njano toka mwanzo, neno kwa neno, nikalimaliza, na wateja wakiniuliza mengine nikawa nasema sijui. (Wengine walikwenda kwa jirani. Jirani amemaliza yote.) Kisha ikaja simu kwamba Mama Odette anataka gemu lingine, si la mumewe, lake. Nikapeleka moja la kituo cha treni, nikasimama nje ya baraza, macho chini.

"Hii uliimaliza?" akaniuliza kutoka ndani.

"Apana, Mama. Nimekwama pa chumba ya pili."

Akacheka mpaka nikamsikia akijipangusa macho. "Basi ikala. Tutaitafuta wote."

Aliyetoka na kiti ni Odette. Alikiweka barazani, mbali kidogo na vingine, akasimama kando. Tarehe mpya ya pré-dot haijatajwa mpaka leo. Nilimwambia nimeapa sitasema tena kwamba nimemaliza kitu ambacho sijamaliza, akasema hata kiapo hicho bado sijakimaliza, tuseme kwanza nimekianza.